Uwanja wa Akiba

Musoma, Alhamisi 14 Machi 2024

Mzee Kasmiri,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ni Safina, binti wa Muharami fundi cherehani wa hapa sokoni Musoma, na kazi yangu ni urubani. Jina lako nimepewa na Amos wa zimamoto pale uwanja wa ndege. Alisema uliongoza ndege miaka thelathini na moja, na sasa umestaafu, uko Mugeta na ng'ombe wako. Nilikupigia simu mara nne. Ndipo Amos akaniambia kwamba masikio yako yamechoka, kwenye simu husikii kitu, ila barua unajibu. Hii ataileta Dorkas, yule anayeuza dagaa na sato kwenye mnada wa Mugeta.

Shida yangu ni hii. Kampuni yetu ni ndogo, ina ndege mbili za injini mbili. Masika yakianza tunabeba wagonjwa wa rufaa kwenda Dar es Salaam, na mawingu yakijaa rubani haoni chini wala juu. Anaruka kwa kutazama vyombo na kumsikiliza mwongoza ndege. Cheti cha kuruka hivyo ninacho, na mtihani nilifaulu. Lakini tarehe 27 Februari, Kapteni Fredi mkuu wetu wa marubani akiwa ameketi pembeni yangu, tuliingia anga ya Dar saa tisa alasiri, saa ambayo ndege ndogo za Zanzibar na kubwa za nje zote zinataka kushuka. Mwongoza ndege akanitoa kwenye njia niliyoomba, akanitajia kituo cha njia ya angani ambacho sikukitia alama kwenye ramani. Nikajibu "nimeelewa". Sikuwa nimeelewa. Nikainama kukitafuta kitabuni, na huku natafuta ndege ikateremka futi mia nne chini ya kimo nilichopewa. Ndege nyingine ikaamriwa igeuke haraka kunipisha. Kapteni Fredi akachukua usukani.

Imeandikwa ripoti. Ikiandikwa ya pili, sitapewa tena mgonjwa. Na Aprili naanza kwenda peke yangu. Kapteni ni hodari lakini kueleza hajui. Kila nikimuuliza anasema nitazoea. Naomba unifundishe kupanga safari ya kuingia kule.

Safina Muharami


Mugeta, Jumatatu 18 Machi 2024

Safina,

Marahaba. Barua imefika inanuka dagaa, lakini inasomeka.

Kuruka mimi sijui. Nilikuwaga nakaa kwenye kiti, rada mbele, sauti masikioni. Ninachokijua ni jinsi rubani anavyosikika akiwa amepotea. Neno lake la kwanza ni hilo lako, nimeelewa.

Kosa lako halikuanzia angani, lilianzia mezani. Ulipanga safari uliyoitaka. Anga yenye ndege nyingi haikupi unachotaka. Kwa hiyo unaomba njia moja, unapanga zote. Chukua ramani, tafuta kila upande ambao mwongoza ndege anaweza kukuingizia Dar: magharibi, kaskazini, baharini. Kila njia iwe na karatasi yake, na kila kituo ukiandikie kimo, masafa ya redio na dakika. Zifunge gotini kwa mpangilio. Akikubadilishia njia, wewe unabadilisha karatasi, huinamii kitabu. Na usipoelewa, sema "rudia". Tunalipwa kurudia.

Ukimaliza niandikie mpango wote, toka Musoma mpaka magurudumu yasimame, pamoja na mafuta. Usinitumie picha za simu. Andika kwa mkono, maana ukiandika kwa mkono utaona mwenyewe pale ulipobahatisha.

Kasmiri Wambura


Musoma, Jumatatu 25 Machi 2024

Mzee Kasmiri,

Shikamoo. Nimefunga, na mchana kichwa kinakuwa chepesi, kwa hiyo karatasi hizi nimeziandika alfajiri baada ya daku. Ni saba.

Toka Musoma nakwenda moja kwa moja hadi Dar, juu ya Serengeti na milima ya Ngorongoro, futi elfu kumi na tatu. Ndiyo njia fupi. Njia za kuingilia Dar nimepanga nne, na kila moja nimeiwekea karatasi yake kama ulivyosema. Uwanja wa akiba, yaani pa kukimbilia Dar ikifungwa, nimeweka Zanzibar, dakika kumi na tano tu.

Jioni dada yangu Mwanaupe ananifanyia mtihani. Mimi nakaa kwenye kigoda cha jikoni na karatasi gotini, yeye anasoma maagizo haraka haraka kama redio. Halafu anaingiza moja ambalo halipo popote, na mimi nisiposema "rudia" ananipiga na mwiko. Jana nilipigwa mara mbili tu.

Niambie ukweli.

Safina


Mugeta, Ijumaa Kuu, 29 Machi 2024

Safina,

Ukweli ni huu. Njia nne za kuingilia ni nzuri, sina la kuongeza. Yaliyobaki yana makosa mawili.

La kwanza. Umesema utabeba wagonjwa. Futi elfu kumi na tatu hewa ni nyepesi, na ndege yenu haijazibwa kuhifadhi hewa kama zile kubwa. Mtu mwenye mapafu au moyo mbovu utamfikisha hoi. Usipite juu ya milima, izunguke. Shuka kusini hadi Dodoma, kisha pinda uende Dar, futi elfu tisa. Unaongeza dakika ishirini.

La pili ni kubwa zaidi. Mvua inayofunga Dar hufunga na Zanzibar. Ni bahari moja, na wingu ni moja. Niliwaona wengi wakipanga Zanzibar kwa sababu ni karibu na inakula mafuta kidogo. Uwanja wako wa akiba ni Dodoma. Huko ni kukavu, na utakuwa umepita juu yake, utajua hali yake. Umeandika ndege inakula lita mbili kwa dakika. Basi hesabu: saa tatu za kwenda, lita 360. Dakika ishirini za kuzunguka ukisubiri zamu, 40. Saa moja na robo kurudi Dodoma, 150. Dakika arobaini na tano ambazo huzigusi, 90. Jumla 640. Dakika ishirini za kuzunguka zikiisha, unageuka. Huombi ushauri.

Nimetoka Njia ya Msalaba na miguu inauma. Ng'ombe mmoja amezaa.

Kasmiri


Musoma, Ijumaa 5 Aprili 2024

Mzee wangu,

Shikamoo, na hongera kwa ndama.

Nimeuandika upya, upo ndani ya bahasha hii. Kapteni Fredi ameusoma akatikisa kichwa. Anasema mafuta yote hayo ni kubeba maji mtoni, kwamba yeye ameweka Zanzibar miaka kumi na miwili na hajawahi kuihitaji. Sikubishana.

Safari yenyewe imepatikana. Jumanne tarehe 16. Kuna mwanamke amelazwa hapa Musoma, ni moyo, anasubiri nafasi ya upasuaji Dar. Sisi hatupewi majina, tunapewa uzito: mgonjwa 49, daktari 80, muuguzi 64, machela na mitungi ya oksijeni 70. Kuna na ndugu wa kumsindikiza, huyo hajapimwa bado. Naogopa kidogo, lakini ni woga wa kawaida. Usiku nalala.

Safina


Mugeta, Jumanne 9 Aprili 2024

Safina,

Mgonjwa ni kilo 46, si 49. Sahihisha.

Dodoma isitoke kwenye mpango. Akisema Kapteni, akisema daktari, akisema ndugu wa mgonjwa, isitoke.

Mnaondoka saa ngapi? Nijibu kwa Dorkas wa Jumamosi, asikose.

Kasmiri


Musoma, Jumamosi 13 Aprili 2024

Mzee Kasmiri,

Shikamoo. Idi imepita salama.

Niliuliza hospitali, wakampima tena yule mgonjwa. Ni 46 kweli. Sasa nakuuliza umejuaje, maana mimi nimepata jibu moja tu, na silipendi. Nadhani umekuwa ukiulizia habari zangu kwa watu, hospitali na uwanjani, kuona kama kazi naiweza. Kama huniamini ungeniambia kwa barua. Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari sita, na yote ni amri. Nilikuandikia kwa sababu nilidhani wewe hutanipigia kelele kama wengine.

Tunaondoka saa saba mchana. Mafuta yamekaa sawa.

Safina


Mugeta, Jumapili 14 Aprili 2024

Safina binti yangu,

Dorkas anarudi Musoma leo na lori la mahindi, nimemwomba akupe hii kabla ya Jumanne. Sitaki ujue kwa kuniona uwanjani.

Sikuulizia habari zako kwa mtu. Kilo 46 najua kwa sababu nilimbeba mwenyewe kumweka kwenye mizani. Mgonjwa wako ni Euphrasia, binti yangu wa kwanza, mwalimu kule Butiama. Ana miaka thelathini na minne. Alipokuwa mdogo aliuguaga koo kila mara, ikashuka kwenye moyo, mlango mmoja wa moyo ukakaza. Sasa maji yanajaa mapafuni. Uliponiandikia habari za mgonjwa wa moyo nilijua ni yeye, nikanyamaza. Nilitaka upange safari ya mgonjwa. Ukijua ni mtoto wangu ungeanza kupanga ya kunifurahisha.

Kuna lingine. Zamani, kituo sitakitaja, siku ya mvua kama za mwaka huu, nilikuwa na ndege ndogo moja nimeiambia izunguke ikisubiri. Rubani kijana, mpole. Kila nikimwambia dakika kumi tena, anajibu "nasubiri". Mara ya tatu sauti yake ilikuwa imebadilika. Niliisikia, Safina. Nilikuwa na ndege nyingine saba kwenye rada, nikajiambia kama ana shida atasema. Hakusema. Alikuwa ameshaagizwa ashuke na mkubwa wake ardhini, akaona aibu kwenda uwanja mwingine. Mafuta yakamwishia. Walikuwa watatu. Uchunguzi ulisema sikukosea, na mimi naijua ile sauti mpaka leo, ndiyo peke yake ninayoisikia vizuri.

Wamenipima jana nilipokwenda hospitali kumwona. Mimi ndiye msindikizaji: kilo 78, begi 8. Euphrasia alipokuwa anakua nilikuwaga mbali kikazi, nyumbani nafika siku kumi kwa mwaka. Mama yake akamlea, akafa mimi nikiwa zamu. Safari hii nitakaa kando yake.

Nakuamini. Ningekuwa sikuamini nisingempandisha.

Kasmiri


Dodoma, Jumatano 17 Aprili 2024

Mzee wangu,

Euphrasia yuko hai. Najua Matrida mdogo wake ameshakutumia ujumbe, lakini barua hii siwezi kuianza kwa neno lingine.

Barua yako ya Jumapili sijaipata. Dorkas amenipigia leo, lori lilizama kwenye tope kabla ya Bunda, wakalala hapo siku mbili. Kwa hiyo jana asubuhi sikujua lolote. Nakueleza yote kama yalivyokuwa kwangu, hata yale uliyoyaona mwenyewe.

Nilikudanganya. Niliposema mafuta yamekaa sawa, Kapteni Fredi alikuwa ameshafuta Dodoma. Ndugu wa mgonjwa alipimwa kilo 86 pamoja na begi, na ndege ikawa imezidi uzito. Kapteni akasema chagua, ndugu abaki au Dodoma itoke, na akachagua mwenyewe. Lita 120 zikatoka, zenye uzito wa kilo 86 kamili. Nilisaini. Nilijiambia mama wa watu atasafirije peke yake. Ukweli ni kwamba niliogopa kubishana kwa sababu ya ile ripoti.

Basi saa sita na nusu nimesimama chini ya bawa, karatasi ya uzito iko kwenye ubao, mzee mmoja mrefu mwenye koti la suti anaichukua bila kuomba. Niliona ni ndugu wa mgonjwa. Alisoma kama dakika mbili. Kisha akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyojua, "Uwanja wa akiba ni Zanzibar."

Hapo ndipo nilipokujua. Nilitaka ardhi inimeze.

Ulikwenda mlangoni, ukamshika Euphrasia unyayo, yeye yuko kwenye machela na barakoa ya oksijeni. Ukatoa begi lako. Ukalitua chini kwenye lami, ukasema, "Punguza kilo themanini na sita. Jaza Dodoma." Kapteni Fredi akaita gari la mafuta. Kujaza kulichukua dakika arobaini, na wewe ulisimama kwenye uzio muda wote huo, hukurudi kumtazama. Nadhani ulijua ukirudi hutaweza kutoka tena. Lakini yeye aliona mgongo wako tu. Alivuta barakoa akamuuliza muuguzi, "Anakwenda wapi?"

Tulipopita juu ya Dodoma kulikuwa kweupe, na Dar ilikuwa bado wazi. Robo saa baadaye ikafungwa. Maili sitini kabla ya kufika nikatolewa kwenye njia yangu, nikapewa ya kaskazini. Nikabadilisha karatasi. Kituo cha pili sikukisikia vizuri, nikasema rudia, akarudia. Kisha nikaambiwa nizunguke nikisubiri, futi elfu saba, mbele yangu wako watano. Ilikuwa saa kumi na nusu. Nje ni weupe kama pamba, na ndege inatupwa huku na huku. Niliuliza Zanzibar, nikajibiwa imefungwa tangu saa tisa na nusu. Wale watano baadhi yao walikuwa wametoka huko.

Dakika ya kumi na tano Daktari Stanislausi akanigusa bega. Alisema oksijeni ya mgonjwa inashuka, akaniuliza tunangoja nini. Nikamwambia. Dakika ya ishirini mwongoza ndege akasema tutarajie nusu saa nyingine. Nikamwambia daktari kwamba nageuza.

"Dar iko hapo chini," alisema. "Chumba cha upasuaji kiko tayari. Dodoma ni zaidi ya saa nzima. Ukigeuza atakufa mikononi mwangu."

Nilimwambia, "Nikisubiri nusu saa na isifunguke, tutakufa wote wanne." Akaniita jina ambalo sitaliandika.

Nikabonyeza redio. Nilisema muda wangu wa kusubiri umekwisha, nakwenda Dodoma, nina mgonjwa. Akaniambia nisubiri kidogo apange wengine. Mzee, nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema nimeelewa. Badala yake nikasema, "Siwezi kusubiri." Mwongoza ndege akanipa kugeuka kushoto na kupanda elfu nane, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

Saa moja na robo ile sitaisahau. Muuguzi, anaitwa Happyness, alikuwa akihesabu pumzi za Euphrasia kwa sauti ili daktari asikie, na mimi nikawa napeleka ndege huku nasikiliza hesabu. Kuna mahali alinyamaza. Sikugeuza kichwa. Kisha akaanza tena, moja, mbili.

Tulitua Dodoma saa kumi na mbili na dakika tano, mvua nyepesi, gari la wagonjwa limeshafika kwa sababu yule mwongoza ndege wa Dar alikuwa amewapigia. Hapa nao wana madaktari wa moyo. Walimtoa maji usiku, na leo asubuhi wamemfungua ule mlango kwa kupitisha mrija mguuni. Dar haikufunguliwa mpaka saa moja usiku. Kwa mafuta ya Kapteni ningekuwa na ya kunifikisha saa kumi na moja na dakika hamsini.

Kapteni Fredi nimemwambia kwa simu kwamba uwanja wa akiba kuanzia sasa atachagua rubani anayeruka. Akasema niandike hivyo na atasaini.

Nisamehe.

Safina


Mugeta, Jumatano 24 Aprili 2024

Safina,

Umenidanganya, na mimi nilikuficha. Tuyaache hapo.

Nikueleze ya upande wangu, kwa sababu hakuna mwingine wa kumweleza. Mlipoondoka sikusikia injini, niliisikia kifuani tu. Amos akaniletea kiti kwenye banda la zimamoto. Alikuwa anaongea na watu wa Dar kwa simu, na kila akipata habari ananiandikia kwenye daftari lake. Aliandika: wamepita Dodoma. Baadaye akaandika: Dar imefungwa, wanazunguka. Nikatazama saa. Wewe unajua nilikuwa nahesabu nini. Dakika ya ishirini ilipopita nikavua saa nikampa Amos aishike. Sikutaka kuona ya ishirini na moja.

Akaandika neno moja, "Amegeuza." Nililia mbele ya watu, Safina, na Amos hakujua kama ni furaha au msiba, akaanza kuniombea.

Barua yangu ya tarehe 14 umeshaipata sasa, Dorkas ameniambia. Basi umejua na yule kijana. Wewe ulisema siwezi kusubiri bila kusoma habari zake. Nimefurahi kwamba hukuisoma.

Sasa lililobaki halina karatasi ya kulipanga. Nilikuwa nimeshakata tiketi ya basi kwenda Dodoma. Abednego jirani yangu amekubali kuangalia ng'ombe. Matrida akanitumia ujumbe: baba usije kwanza, Euphrasia hataki kukuona. Anasema aliniona nikichukua begi na kuondoka, kama nilivyokuwaga nachukua begi siku zote. Anasema hata siku aliyodhani anakufa nilimpa mgongo.

Nilimwandikia Matrida amweleze habari ya mafuta. Alimweleza. Euphrasia akajibu kwamba mimi nimekuwaga na sababu nzuri kila mara.

Usinitetee kwake. Ana haki. Miaka ile yote hakukuwa na mafuta ya kujaza, nilikuwa mbali tu.

Kasmiri


Dodoma, Jumapili 12 Mei 2024

Baba,

Tumsifu Yesu Kristo. Mwandiko ni mbaya kwa sababu naandikia kitandani, ungekuwa wa mwanafunzi wangu ningemrudishia.

Jana alikuja Safina. Alikuwa ameleta madaktari Dodoma, akapata saa mbili. Nilidhani amekuja kukutetea, nikamwambia mapema asihangaike. Akasema ulimkataza. Akaniuliza habari za kidonda cha mguuni, akanimenyea chungwa. Alipoondoka akaacha bahasha kwenye meza, akasema ni yake, ataichukua akirudi wiki ijayo, na kwamba hajanikataza kuisoma. Ni ile barua ya tarehe 14 Aprili.

Nimeisoma mara tatu. Hukuwahi kutuambia habari za yule rubani. Mama alijua? Nakumbuka mwaka mmoja ulikuja likizo ukakaa siku kumi hujaongea na mtu, na sisi watoto tukaambiwa baba amechoka. Niliogopa, nikadhani umetuchoka sisi. Nimebeba hilo miaka mingi, baba, kwa bure.

Lakini nisikudanganye. Kujua sababu hakujafuta. Nilipokuwa kwenye ile machela nilikuwa na hakika nakufa, na kitu kimoja nilichokitaka ni wewe uwe hapo, hata tufe wote. Najua ni ujinga. Mtu mgonjwa hataki mafuta, anataka mtu. Ulifanya sawa na niliumia, na yote mawili ni kweli. Nakuomba usinieleze tena hesabu, nimezielewa, mimi ni mwalimu wa hisabati.

Daktari anasema wiki tatu hapa, halafu nyumbani kwa basi, polepole. Natembea mpaka dirishani na kurudi bila kuhema. Matrida anarudi kazini Alhamisi, na baada ya hapo sina mtu.

Njoo. Ile tiketi kama umeirudisha kata nyingine. Huku hakuna kelele, na ukishindwa kunisikia nitakuandikia. Hapa kando ya kitanda kuna kiti kimoja cha mbao. Leo asubuhi ndugu wa mgonjwa mwenzangu alitaka kukichukua, nikamwambia kina mwenyewe, yuko njiani.

Binti yako,
Euphrasia